Ukuta wa Mama Buko

Nyumba ile ilipomalizika mbele ya kwangu, mwaka wa hamsini na tano, watu walitoka mtaa wa Albert na mtaa wa Kenya kuja Katuba kuitazama, na wengi wakaishia kwenye barza yangu, kibaraza cha mbele, kwa sababu ndiko kulikokuwa na viti. Sikulalamika. Nyumba isiyo na wageni ni stoo. Niliwapa maji, nikawapa karanga, nao wakanipa habari, na kila mmoja alikuwa na lake la kusema kuhusu nyumba ile.

Paa lake lilipinda kama mgongo wa kobe. Mbele palikuwa na dirisha moja tu, refu, limelala kutoka pembe hadi pembe, na juu yake vibao vya saruji vya kukinga jua. Mlango ulikuwa mmoja. Ukishaingia umeiona nyumba nzima: pa kukaa, pa kula, pa kupikia, hakuna kilichotenganishwa na kingine. Chumba cha kulala ndicho pekee kilichopewa ukuta, nao ukaishia kichwani pa mtu mrefu.

"Iko muzuri," alisema Zéphirin, fundi aliyeijenga, huku akivunja karanga zangu. "Lakini ukiwa mule ndani unajisikia sawa samaki mu sahani."

Aliyeichora alikuwa Mbelgiji, Monsieur Wauthelet, mwenye ofisi karibu na posta. Mafundi walimwita Bwana Kivuli, maana kila alipokanyaga kiwanja neno lake la kwanza lilikuwa kivuli: saa sita kitaangukia wapi, saa tisa kitahamia wapi. Kabla ya vita alikuwa amefanya kazi mwaka mzima Paris, chini ya mchoraji mmoja aliyefundisha kwamba nyumba ya siku hizi haihitaji kuta za kubeba mzigo, nguzo zinatosha, kwa hiyo ndani pawe wazi watu wapumue. Huo waliuita mpango huru. Mezani kwake hapakukosekana majarida yenye picha za Marseille na Rio, kazi za akina Le Corbusier na Niemeyer, na akiyafungua, anasema Alexis, alikuwa anafungua polepole kama padri anavyofungua kitabu cha misa.

Huyu Alexis ndiye aliyetuletea habari zote hizo. Alexis Kabwe, kijana wa watu wa kaskazini, baba yake mfanyakazi wa reli, alikuwa mchoraji msaidizi katika ofisi ya Bwana Kivuli. Alivaa tai hata akienda bombani kuchota maji. Kazi yake ilikuwa kutandaza karatasi inayopitisha mwanga juu ya mchoro wa bwana wake na kuufuatisha kwa wino, mstari kwa mstari. Kwenye karatasi ile wino haufutiki kwa mpira. Mstari usiotakiwa unakwanguliwa kwa wembe, kidogo kidogo, mpaka utoke na karatasi isitoboke, na mkono wa Alexis ulisifiwa hata na wazungu. Akishakwangua yeye, hujui kama palikuwa na kitu.

Basi yeye na mke wake Delphine ndio waliopewa kukaa katika nyumba ile ya mfano. Masharti yalikuwa haya: wasipige msumari, wasitundike kitu, wasijenge uzio. Mwisho wa mwaka ingekuja tume kutoka Léopoldville, mji mkuu, na ikipendezwa, nyumba sitini za namna ile zingejengwa upande wa pili wa barabara. Bwana Kivuli alizisema zile sitini kama mtu anayetaja wanawe ambao hawajazaliwa.

Na Delphine naye alikuwa na wake. Tumbo lilikuwa la miezi saba. Lile la kwanza alijifungua salama kwa masista, akarudi nyumbani na mtoto, na siku ya nne mtoto akafa, na hapakuwa na mtu mzima wa kwao wa kumshika mkono. Mimi nilikuwapo, lakini jirani ni jirani.

"Yaya," aliniambia, kwa sababu alinichukua kama dada yake mkubwa, "hii ya sasa minataka mama."

Barua ikaenda Kinkondja. Mama yake akapanda mashua juu ya Lualaba mpaka Bukama, akapanda treni, na Jumatatu moja asubuhi tukamwona anashuka mtaani na kikapu cha samaki wakavu kichwani na kilago kimekunjwa kwapani, mkeka wa matete ambao wanawake wa kule husuka wenyewe. Mama Numbi. Mwanamke mfupi, mkavu kama samaki wake, mwenye macho ya kuona kila kitu.

Alifika mlangoni. Delphine akatoka mbio kadiri tumbo lilivyomruhusu, wakakumbatiana. Kisha Mama Numbi akainua mguu avuke kizingiti, na mguu ukabaki hewani. Aliona pa kukaa, aliona pa kula, aliona jiko, na kule mwisho, mbele ya ule ukuta usiofika juu, aliona viatu vya Alexis vikiwa na Alexis ndani yake. Akarudisha mguu. Akageuka, akavuka barabara, akaja kukaa kwenye barza yangu bila kuulizwa na mtu.

"Nyumba yenu iko na uso," alisema baada ya kunywa maji. "Haina mugongo. Muntu atapitia wapi?"

Sisi sote tulielewa. Yeye alikuwa mama buko wa Alexis, mama mkwe wake, na buko kwa watu wa kule si jambo la kuchezea. Mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni. Hawali chumba kimoja. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Si ugomvi, ni heshima, tena heshima iliyo ghali kuliko zote, na mtu akikuambia kwamba mkwe wake anamwona kila siku asubuhi, unajua familia ile imeharibika mahali. Katika nyumba zetu za zamani za cité, mitaa ya weusi, mambo yalikwenda yenyewe: mwanamume ana mlango wa mbele, wanawake wana mlango wa nyuma unaotokea uani, jikoni. Mnakaa mwezi mzima na mnaheshimiana. Lakini nyumba ya Bwana Kivuli ilikuwa na mlango mmoja na uwazi mmoja.

"Kwani Alexis hakuiona ile?" nilimuuliza Delphine pembeni. "Si ni yeye aliichora?"

Delphine alitazama kucha zake. "Uliza yeye."

Basi tukaishi hivi. Mama Numbi alilala kwangu, na watu wakazidi barzani, maana alijua hadithi za watu wa mtoni ambazo hata mimi sikuzijua. Asubuhi Alexis alipopanda baiskeli kwenda kazini, mama alivuka kwenda kwa mwanawe, akamkanda, akampikia. Saa ya Alexis kurudi, alivuka tena. Alexis naye alijifunza kukohoa tangu kona ya barabara. Zéphirin alisema kama mambo yataendelea hivyo, kijana atapelekwa hospitali ya kifua kikuu.

Ikaja Alhamisi. Alexis alisahau nyumbani mchoro mmoja uliokunjwa, akarudi saa nne kuuchukua. Alidhani mama yuko sokoni, kwa hiyo hakukohoa. Aliingia mpaka katikati, na pale jikoni, hatua sita kutoka kwake, mama mkwe wake alikuwa ameinama anasonga bukari, ugali wetu, mgongo umemwelekea. Akigeuka tu, basi. Na mlango, alioupita bila kutazama pembeni, ulikuwa upande aliko mama.

Alexis akachukua njia ya karibu. Alilifungua lile dirisha refu, akatoa mguu mmoja, akatoa na kichwa, na hapo koti likanaswa kwenye kibao cha saruji. Sisi tulikuwa barzani, tunamwona vizuri: mguu nje, mguu ndani, tai inaning'inia. Hakupiga kelele. Alitutazama kwa macho ya kuomba tusimwone.

Wakati huohuo gari la Bwana Kivuli likasimama. Alikuwa ameleta wageni wawili, bwana na bibi, waione nyumba.

"Alexis," alisema kwa Kifaransa, taratibu, "mlango una nini?"

"Hauna kitu, monsieur. Ninapima upana wa dirisha."

"Kwa mguu?"

Ndani, Mama Numbi alikuwa amejifunika kitambaa kichwani, amesimama anatazama pembe ya ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa darasani, na alikaa vile mpaka nilipoenda kumtoa kwa mkono. Wale wageni walimpita wakidhani ni namna yetu ya kusali.

"Sasa minajua juu ya nini ile dirisha iko murefu," alisema Zéphirin. "Iko ya bakwe kupitia."

Tulicheka mpaka machozi. Mama Numbi hakucheka. Jioni, jua bado liko juu ya bomba la moshi la kiwanda, alimwita Delphine mbele yetu wote.

"Siku ya Mungu kuko treni ya Bukama," alisema. "Tutaenda nayo. Utazalia kwetu. Mutoto hachungwe na muntu wa kuvuka barabara."

Delphine alikuwa anakaribia mwezi wa nane. Treni hadi Bukama, kisha mashua siku mbili juu ya mto, katika jua lile. Kila mwanamke aliyekuwa pale alijua maana yake, na Mama Numbi alijua kuliko sisi. Lakini alikuwa ameona mjukuu mmoja akizikwa kwa barua, na hakutaka barua nyingine.

Alexis aliitwa. Hakupanda barzani. Alikaa kwenye ngazi ya chini, ametugeuzia mgongo, na mama akasimamisha kilago chake kati ya viti viwili akakaa nyuma ya mkeka huo, kama inavyofanywa kwao wakwe wakiwa na neno la lazima. Delphine akasimama katikati, mkono kiunoni.

"Alexis," alisema, "miye minapenda hii nyumba. Ile mwangaza ya asubuhi, minaipenda. Lakini siwezi kuzalia mu nyumba yenye haina fasi ya mama. Nitaenda."

Alexis akasema akiitazama barabara.

"Ukuta ulikuwako."

"Ukuta gani?"

"Mu mchoro ya kwanza. Ukuta ya katikati, na mulango ya nyuma. Ni miye niliikwangua na wembe."

Na akatueleza yote. Siku moja Bwana Kivuli alikuwa na wazungu wenzake watatu ofisini, wanakunywa bia, mchoro uko mezani. Akageuka akamuuliza Alexis mbele yao: kwenu bado kuna watu wanaomkimbia mama mkwe, au huu ukuta tuutoe? Wale watatu wakatabasamu. Alexis alikuwa na ombi lake la kadi ya watu walioendelea, ile ambayo serikali iliwapa weusi waliohesabiwa wastaarabu, liko kwenye meza ya ofisi fulani, na mmoja wa wale watatu ndiye mwenye meza. Akajibu: hapana, monsieur, hayo ni ya zamani. Akachukua wembe. Siku hiyo, alisema, alikwangua vizuri kuliko siku zote.

Karanga ziliacha kuvunjwa.

"Alikuuliza," ilisema sauti ya Mama Numbi nyuma ya kilago, "na weye ukakatala."

"Ndiyo, mama."

"Juu ya bale benye kucheka."

"Ndiyo, mama."

"Na siye hatukucheka?" alisema Zéphirin. "Leo asubuhi nilicheka mpaka tumbo ikaniuma. Ukiogopa bya kucheka, utakwangua nyumba yote, ibaki paka karatasi tu."

"Ulikatala mbele ya bantu," Mama Numbi alisema. "Basi utaitika mbele ya bantu. Mulete yule muzungu hapa. Kama hapana, siku ya Mungu siye tunaenda."

Sasa nyinyi mnaosoma leo mnaweza kudhani ni jambo dogo, kumleta bwana wako barzani na kumwambia nilikudanganya. Mwaka ule halikuwa dogo. Mtu alifukuzwa kazi kwa kuchelewa dakika kumi. Nyumba ilikuwa ya kazi, kazi ilikuwa ya Bwana Kivuli, na kadi ile ilihitaji barua ya sifa kutoka kwake. Alexis aliondoka kesho yake Ijumaa bila kunywa chai, na Delphine akaanza kukunja nguo zake katika sanduku, moja moja, bila haraka.

Saa kumi gari likaja. Nilikuwa nimetandika kitambaa kwenye kiti changu kizuri. Nilidhani tutakuwa watano. Tulikuwa ishirini na kitu, na wengine wamekaa kwenye ukingo wa mfereji. Bwana Kivuli alikaa, akashika glasi ya maji, akatazama kile kilago kilichosimama kando yake pasipo kujua kwamba kina mtu nyuma.

Alexis alisimama mbele yake. Alikuwa amefungua tai. Alisema kwa Kifaransa kwanza, kisha kwa Swahili, ili tusikie sote: kwamba aliulizwa, kwamba alisema uongo, kwamba aliona aibu ya kitu ambacho si aibu, na kwamba Jumapili mke wake anaondoka kwa ajili ya ukuta ule.

Masikio ya Bwana Kivuli yaliiva.

"Nilikuuliza, Alexis."

"Uliniuliza, monsieur. Pamoja na mabwana watatu."

Mzungu aliizungusha glasi. Nilijiambia, hapa kijana anafukuzwa. Lakini alipofungua kinywa alisema kitu ambacho sikukitegemea, na alikisema kwa Swahili yake ya viwanja, mbovu lakini ya kweli.

"Ile ukuta ilikuwa inanisumbua. Mimi nilitaka weye useme hapana. Uliposema, nilifurahi. Sikuuliza mara ya pili."

Mara kilago kikasema. Bwana Kivuli aliruka, maji yakamwagikia suruali.

"Mumuulize," kilisema, "yeye, mama buko yake anaikala wapi?"

Alexis alitafsiri, kichwa chini. Mzungu alifikiri kidogo, akajibu kwamba mama mkwe wake anakaa Ostende, ng'ambo ya bahari, na kwamba, kusema kweli, tangu walipokuja huku yeye na mke wake hawagombani tena.

"Ndiyo ile," alisema Mama Numbi. "Yeye aliweka bahari. Siye tunaomba ukuta."

Barza nzima ililipuka. Bwana Kivuli alingoja atafsiriwe, na alipotafsiriwa akacheka kuliko sote, akaweka glasi chini, akajifuta macho. Alipomaliza alikuwa amebadilika sura, mtu anayefikiri kazi.

"Lakini ukuta utaua hewa," alimwambia Alexis. "Jua la saa tisa linapiga jikoni. Nyumba itakuwa tanuri. Ndiyo maana paliachwa wazi, si kwa kiburi tu."

Alexis akaomba kaa la mkaa. Nilimpa. Akapiga magoti kwenye sakafu yangu ya saruji, niliyokuwa nimeipiga deki asubuhi, akaanza kuchora: hapa mlango wa mbele, hapa mlango mpya nyuma, na katikati ukuta, lakini ukuta wenye matundu, tofali lenye dirisha ndani yake, juu ya tofali lenye dirisha ndani yake.

"Kama ile picha yako ya Rio, monsieur. Ile ya jarida ya mwezi wa tatu."

"Zile ni kuta za nje. Za kuzuia jua."

"Na hiki hapa?" Alexis alinyoosha kidole kwenye kilago bila kukitazama. "Chenyewe kinazuia nini?"

Bwana Kivuli alisimama, akakiendea. Jua la alasiri lilikuwa linatokea nyuma yake, na kati ya tete na tete mwanga ulipita vipande vidogo vidogo ukaanguka kwenye shati lake. Upepo nao ulipita. Ungeweza kuona kwamba kuna mtu. Usingeweza kuona uso. Alikaa pale muda mrefu, akisogeza kiganja chake katika ule mwanga, mbele nyuma. Kisha akamuuliza Mama Numbi, kupitia kwa Alexis, kwa nini matete yamebana chini na kuachana juu.

"Chini muntu anaikala," alijibu mama. "Juu hakuna kitu ya kuficha, paka moshi tu ya kutoka. Hata mutoto anajua."

Mzungu alitoa kidaftari mfukoni akaandika. Mimi nilimtazama nikawaza: kumbe na hawa wachoraji wakubwa ni kama majirani. Huyu anaazima paa, yule anaazima dirisha, wa Rio anaazima kwa wa Paris, na kila mmoja anarudisha kitu chenye chumvi yake. Tofauti ni kwamba hakuna aliyewahi kuja kuazima Kinkondja.

Zéphirin aliulizwa itachukua siku ngapi. Akasema kalibu ya mbao siku moja, kumwaga tofali siku mbili, kuzikausha wiki mbili, na asiharakishwe, maana tofali la haraka ni biskuti. Wiki mbili, na treni ilikuwa kesho kutwa. Watu wote wakageukia kilago.

Delphine alikuwa ameshika mlango wangu kwa mkono mmoja na tumbo kwa mwingine.

"Na mbele ya tofali kukauka, tutaikala namna gani?" kiliuliza kilago.

Bwana Kivuli alivuka barabara, akachukua nyundo katika gari lake, akaingia katika nyumba yake mwenyewe, ile isiyotakiwa msumari, na tukamsikia anapiga. Wa kwanza ulipinda. Wa pili ukapinda. Saruji ya Zéphirin ilikuwa saruji kweli.

"Monsieur," Zéphirin alisema kutoka dirishani, kwa adabu, "leta nyundo, miye nitapiga."

Jioni ile kilago cha Mama Numbi kilitundikwa pale ambapo ukuta ungesimama, na Zéphirin na mtu wake wakabomoa dirisha dogo la nyuma, la jikoni, mpaka chini, likawa mlango wa nyuma, na vumbi likaingia hata katika bukari yangu. Jumapili treni ya Bukama iliondoka, na kwetu hakuna aliyekwenda kuipungia.

Ukuta ulikwisha mwezi wa kumi. Ulikuwa umebana chini na kuachana juu. Bwana Kivuli alikuja kila siku kuusumbua, akiwasha sigara upande mmoja kutazama moshi unavyopita upande wa pili. Tume kutoka Léopoldville ilikuja, watu wanne wenye kofia, wakapima, wakagonga, na mkubwa wao akauliza kama wazo lile ni la Brazil.

"Nusu," alisema Bwana Kivuli. "Nusu ni la mama mmoja wa Kinkondja. Na aliyeziunganisha ni huyu hapa, Monsieur Kabwe."

Mkubwa akamtazama Alexis kama mtu anayetafuta kosa la tahajia, kisha akaandika. Nyumba zilizokubaliwa zilikuwa arobaini, si sitini, na paa la kobe walilikataa, wakasema ni ghali. Bwana Kivuli alinuna siku mbili. Milango miwili na ukuta wa matundu vilipita. Ile kadi ya Alexis haikuja mwaka ule, wala sikumsikia akiiulizia.

Kabla ya tume hiyo Delphine alijifungua kwa masista, mtoto wa kiume, akarudi nyumbani kesho yake. Hakuna aliyeitaja siku ya nne kwa jina, lakini siku ya nne hapakuwa na mtu mtaani aliyeongea kwa sauti. Mama Numbi alikaa upande wake na maji ya moto na mafuta, hakulala, na Alexis alikaa upande wake kwenye kiti, hakulala, na kila alipouliza kupitia matundu, mama alimjibu neno lilelile: ananyonya.

Asubuhi ya siku ya tano alinyonya, akacheua, akalia kwa hasira, na Mama Numbi akaniita.

"Mupeleke kwa baba yake."

Sasa ndani hapakuwa na njia, maana ukuta ulifanya kazi yake. Nilimchukua mtoto kwenye kitenge, nikatoka mlango wa nyuma, nikapita uani, nikazunguka pembe ya nyumba, jua likampiga usoni kwa mara ya kwanza akakunja pua. Watu walikuwa wamejaa barzani kwangu na kwenye mfereji, nami sikuona haraka ya nini. Kila mmoja alitaka kumwona na kila mmoja alimwona. Zéphirin alisema ana masikio ya fundi. Bwalya, muuza mkaa, akasema fundi gani, haya ni masikio ya padri. Nikaingia mlango wa mbele.

Alexis alikuwa amesimama, mikono mbele, hajui aiweke vipi. Nilimpa mwanawe. Nyuma ya ukuta kiti kilisogezwa.

"Baba wa mutoto," ilisema sauti ya Mama Numbi kupitia matundu. "Ushike kichwa."

"Nimeshika, mama."

"Hapana ile. Minaona kivuli ya mukono. Chini kidogo."

Akashusha mkono chini kidogo.